Mwanangu amekuwa mshenga kati yangu na baba yake

Shikamoo dada,

Nina miaka 36, naishi Tanga mjini, ni fundi cherehani. Nimeolewa miaka 15 sasa na tuna watoto watatu. Wa kwanza, wa kiume, yuko kidato cha pili, bweni. Wa pili ni binti wa miaka 10, darasa la nne. Wa mwisho ana miaka mitano, naye analala katikati yetu kila usiku, kama ukuta. Mume wangu ana duka la spea za pikipiki. Hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, ada analipa. Kwa hiyo kila ninayemweleza shida yangu ananitazama kama mtu anayelalamikia shibe.

Shida yenyewe ni kwamba hatusemi. Mwaka wa pili huu.

Tulikuwa na kiwanja Pongwe. Pesa yake sehemu kubwa ilikuwa yangu, ya kikoba, niliyoidunduliza miaka minne nikishona sare za shule mpaka usiku wa manane. Mdogo wake alipoingia matatizoni, mume wangu akakiuza bila kuniambia. Nilikuja kuambiwa na mama mmoja anayelima mihogo jirani na pale. Alinikuta sokoni, akaniuliza tumepatwa na nini mpaka tukauza. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikapakua, sikumuuliza kitu. Nilisema moyoni: aanze mwenyewe. Hakuanza mpaka leo.

Tangu siku ile maneno yakawa yanapungua mpaka yakaisha. Mbele ya wageni tunaitana vizuri, wakiondoka kila mtu na kona yake. Yeye jioni anakaa kibarazani, mimi niko uani. Akitaka shati lipigwe pasi anamtuma mtoto. Nikitaka hela ya mboga namtuma mtoto. Na mtoto mwenyewe ni huyu wa kike, maana mkubwa hayupo na mdogo anasahau njiani.

Kilichonifanya niandike ni cha wiki mbili zilizopita. Nilipika samaki wa nazi, yeye akawa haji. Nikamwambia binti, "Kamwambie baba yako kama chakula cha nyumba hii hakimfai, mahoteli yako barabarani." Nikasogea dirishani kuchukua chumvi. Nikamsikia mwanangu kibarazani, sauti laini kabisa: "Baba, mama anasema leo kuna samaki wa nazi, karibu ule kabla hawajapoa." Baba yake akajibu, "Mwambie nimeshiba." Mtoto akarudi jikoni akaniambia, "Baba anasema ahsante, atakula baadaye."

Dada, nilisimama na upawa mkononi nisijue niuweke wapi. Sijui ameanza lini. Sijui ni mangapi mazuri niliyowahi kuambiwa na mume wangu ambayo mume wangu hakuyasema.

Sasa naunganisha na mengine. Tumbo linamsumbua huyu mtoto tangu mwaka jana. Zahanati wamempima malaria, choo, mkojo, hawaoni kitu. Mwalimu wake aliniita, nikaenda na moyo juu, kumbe ananisifia: eti wenzake wakigombana yeye ndiye anayewapatanisha. Nilirudi nimefurahi. Leo silali nikikumbuka maneno yale.

Ushauri nimepewa wa kila aina. Mama yangu anasema, "Nani alikwambia ndoa ni kuzungumza? Kaa ulee wanao." Dada yangu wa Mbagala anasema chumba kipo, nichukue wawili hawa wadogo nihamie, cherehani ni cherehani popote. Mama mkwe wangu wa Lushoto ameona mtoto anakonda, anasema nimpelekee yeye amlee. Na mkubwa naye likizo iliyopita aliomba akakae kwa baba yake mdogo, yule yule ambaye kiwanja changu kiliuzwa kwa ajili yake. Nilikataa.

Mimi nimelelewa na mama peke yake baada ya baba kumwacha. Tulihama nyumba mara tano. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Niliapa wanangu hawatalelewa na mzazi mmoja. Ndiyo maana nimekaa. Lakini baada ya usiku ule wa samaki najiuliza: nikae kwa ajili ya watoto, au niondoke kwa ajili ya watoto?

Mama wa Watatu, Tanga


Jibu

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale dirishani, wewe na upawa wako.

Ngoja nirudie nilichoelewa, unisahihishe nikikosea. Una mume asiyepiga, asiyelewa, anayetunza, aliyekuvunja moyo kwa jambo kubwa. Hamjagombana juu ya jambo hilo hata siku moja. Badala ya ugomvi kuna kimya, na kimya hicho kimepata mtumishi wa miaka kumi. Wewe unauliza habari ya kukaa au kuondoka. Mimi naona kwenye barua yako swali jingine limelala chini ya hilo: nani amwondolee mtoto kazi aliyojipa? Maana kazi hiyo anaweza kuondoka nayo Tanga akaenda nayo mpaka Mbagala.

Sitakuletea ule usemi wa tembo wakipigana nyasi zinaumia, najua umeshaambiwa. Tena wa kwenu hawapigani. Wamesimama tu, na nyasi ziko chini yao.

Nianze na kiapo chako. Unasema hukutaka wanao walelewe na mzazi mmoja kwa sababu uliumia. Nakuamini. Ila hebu uyasome tena uliyoyaandika mwenyewe. Ulipotaja maumivu yako hukusema "nilimkosa baba". Ulisema mlihama mara tano, ukarudishwa kwa ada. Pengine baba ulimkosa pia, hukutaka kuandika. Lakini je, kilichokuumiza ni mama kuwa peke yake, au ni umaskini na kuhamahama vilivyokuja baada ya baba kwenda na mkono wake? Nakuuliza kwa sababu ni vitu viwili, na kimojawapo kinaweza kuzuiwa hata ndoa ikivunjika.

Watu wamelichunguza sana jambo hili, hasa Marekani. Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith walizikusanya pamoja tafiti 92 zilizowalinganisha watoto ambao wazazi wao wameachana na wale ambao wazazi wao wako pamoja. Wale ambao wazazi wao wameachana walikuwa nyuma kidogo shuleni, kitabia na katika kujiamini. Neno "kidogo" hilo si la kunifariji mimi wala wewe, ndivyo walivyokuta: tofauti ipo, lakini kwa wastani ni ndogo kuliko tunavyotishana mitaani. Miaka minne baadaye Amato na wenzake wakaja na jingine, na hili lisome taratibu kwa sababu linakugusa pande zote mbili. Watoto waliotoka kwenye nyumba za vurugu kubwa, wazazi walipoachana, walikuja kuwa na hali nzuri zaidi ukubwani kuliko wenzao ambao wazazi wao waliendelea kukaa na kugombana. Lakini waliotoka kwenye nyumba zisizo na vurugu, wazazi walipoachana, wakaumia zaidi. Kwao talaka haikuwa mwisho wa vita. Ilikuwa dari iliyoanguka siku ya jua.

Dada yako wa Mbagala akisikia sehemu ya kwanza atafurahi, mama yako atafurahi kwa ya pili. Wewe uko wapi hapo? Kwa jirani anayepita, nyumba yako haina vurugu. Kwa binti yako sidhani. Mtafiti mwingine wa huko huko, Mark Cummings, ametumia miaka mingi kutazama watoto wanavyowatazama wakubwa wakikosana. Aligundua kwamba mtoto hahitaji kusikia sauti ikipanda ili afadhaike, kununiana nako anakusoma. Na kinachomtuliza ni kuona ugomvi umefika mwisho, watu wamesameheana. Ugomvi wenu haujafika mwisho kwa sababu haujaanza.

Tafiti hizo ni za Marekani, ambako mama mkwe haishi Lushoto, kwa hiyo zichukue kama tochi, usizifanye msahafu.

Sasa mtoto. Katika ndoa zetu mshenga ana heshima yake: ni mtu mzima, anajua kulainisha neno la upande huu kabla halijafika upande ule, na kazi ikiisha anapewa chake anaondoka. Binti yako amejifundisha ushenga peke yake, na wa kwake hauna siku ya kuisha. Wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini anachoka, na wa miaka kumi huchokea tumboni. Sisemi tumbo lake ni la mawazo, mimi si daktari. Zahanati wakishindwa, mpeleke hospitali ya mkoa wamtazame vizuri, na daktari umweleze hali ya nyumbani bila kuona haya. Lakini unaweza kuanza leo kuhesabu: linauma siku zipi? Siku za shule, au jioni baba anapoingia? Baba akisafiri kufuata spea, je?

Na zile sifa za mwalimu. Usizitupe, mtoto ana kipaji cha kweli. Ila mtoto anayepatanisha watu nyumbani, darasani na kwenye mdako, lini anagombana yeye? Lini ananuna, anakataa kula, anampiga mdogo wake kofi halafu analia yeye? Ningependa kusikia kwamba siku hizi ana utundu kidogo.

Usimgombeze kwa kusema uongo. Alikuwa akishika nyumba kwa mikono yake. Mkae mahali pazuri, mkichambua mchele labda, umwambie umesikia, na kwamba humkasirikii. Mwambie mama na baba wana jambo lao la wakubwa, yeye hakulileta, na si kazi yake kulitengeneza. Atakataa kwamba amefanya. Usimbane. Halafu, hili ndilo gumu, usimtume tena. Hata kwa chumvi.

Nije kwenye hizo njia ulizopewa.

Lushoto. Mama mkwe wako ameona mtoto anakonda na amenyoosha mkono, hiyo ni heri. Wengi wetu tumelelewa na bibi na hatukupungukiwa. Lakini fikiria binti atakavyoielewa safari hiyo. Amejitahidi mwaka mzima kuwashikanisha, halafu anafungiwa nguo kwenye begi, anapandishwa gari peke yake. Anaweza kuona ameshindwa kazi, kafukuzwa. Tena akiondoka, nani atakuwa anabeba maneno kutoka uani kwenda kibarazani? Amebaki wa miaka mitano. Wiki mbili za likizo kwa bibi, ale mapeazi apumzike, ni kitu kingine kabisa.

Mbagala. Chumba kipo, ni kweli. Wateja wako je? Sare za shule ni biashara ya kujulikana. Walimu na wazazi wa Tanga wanakujua, Mbagala utaanza na kutia zipu na kupunguza suruali. Kikoba chako kipo Tanga. Binti ana upimaji wa darasa la nne. Ukifungasha sasa, yale yale uliyoapa wasiyaone, ya kuhama na ya ada, yanaweza kuwatangulia njiani. Sisemi usiende. Nasema chumba cha dada ni paa, mpango wa maisha hujautengeneza bado. Kama utakwenda, nenda na hesabu: mtaji kiasi gani, shule gani, na baba atawaona lini. Hilo la mwisho usiliache kwa hasira, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe, ubaya wa mume wako uko kwako, si kwa wanawe.

Na ujue sheria inasema nini, ili usikae kwa kuogopa jambo lisilokuwepo. Kwa Tanzania Bara, kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na BAKWATA, baraza la Waislamu, wanalo. Hata talaka ya dini ikitolewa, habari ya watoto na mali inaweza kufika mahakamani chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mtoto anayeweza kujieleza anasikilizwa. Na mahakama inatakiwa ifikirie ubaya wa kumyumbisha mtoto kwa kumhamisha. Matunzo hayakatiki kwa sababu ya talaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya matunzo na elimu ile ile aliyokuwa nayo kabla, na haki ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye. Mali je? Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe una za nyumbani na za cherehani. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakueleza haya bila kukutoza, hata kama huna nia ya kuachika.

Kukaa. Hapa mama yako ananipa taabu kidogo, nisamehe. "Kaa ulee wanao" ni ushauri wa kukaa kama mlivyokaa, na kama mlivyokaa ndiko kulikomfikisha mtoto kwenye ule usiku wa samaki. Kukaa kwingine kupo, ila kuna bei, nayo ni kulitaja neno "kiwanja" kwa sauti.

Mdogo wangu, niruhusu swali ambalo huenda hutalipenda. Ulisikia sokoni, ukarudi, ukapakua, ukangoja aanze yeye. Je, anajua kwamba unajua? Barua yako haisemi. Inawezekana anajua na ni aibu inayomfunga mdomo. Inawezekana anadhani hujui, na kwa macho yake ni mkewe aliyemgeuka ghafla miaka miwili iliyopita bila sababu. Inawezekana pia ni mtu wa dharau tu, hajali. Watu hao watatu ni tofauti sana, na wewe umeishi miaka miwili na mmojawao bila kujua yupi. Sikuandikii haya kukutwika kosa. Kosa la kuuza ni lake, na pesa yako ilikuwa jasho lako. Kimya tu ndicho nadhani mmekijenga wawili.

Kama utaamua kulisema, usilisemee jikoni wala usiku na mtoto katikati. Qurani, Surat An-Nisaa aya ya 35, inataja waamuzi wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako. Huo ni ushenga wa watu wazima, ndio ulipaswa kuwepo tangu mwanzo. Chagua vizuri. Akiletwa mtu wa kusema "vumilia" tu, mtatoka hapo mmefungwa kimya cha pili kizito kuliko cha kwanza. Kama somo yako aliyekufunda yu hai na ana kifua cha kutunza siri, ningeanza naye. Kuna hatari pia: unaweza kuuliza, ukajibiwa jibu baya. Ukajua kwa hakika kwamba alichagua ndugu yake akakuacha wewe na angechagua tena. Hapo Mbagala itakuwa na sura nyingine, na utakwenda ukiwa unajua unachokiacha. Wapo wanawake waliolipata jibu hilo wakaondoka, wakalea vizuri. Wapo waliolipata wakabaki kwa masharti mapya, kiwanja kingine kikaandikwa kwa jina lao. Siwezi kukwambia utakuwa yupi.

Umesema hajawahi kukunyanyulia mkono. Siku ukimwuliza, kama mkono utanyanyuka, haya yote niliyoandika yaweke pembeni, uende kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto.

Kwa jioni ya kesho sina kubwa. Ukishapakua, usiite mtu. Nenda mwenyewe mpaka kibarazani na sahani yake, useme kwa mdomo wako, "Chakula hiki hapa." Maneno matatu tu, si msamaha wala kushindwa. Mtoto atakuwa anakutazama kutoka mlangoni.

Halafu huyu mkubwa. Umemtaja kwa kupita tu, kwenye bweni na kwenye kukataliwa likizo. Kijana wa kidato cha pili akiomba likizo asirudi kwa mama yake, ningetamani kujua anakimbilia nini huko kwa baba yake mdogo, au anakimbia nini. Shule zinafungwa lini?

Dada yako, mshauri